Vitanzi, mzururo, korosho, konokono, manyoya au kokoto: upi ujifunze kwanza, na upi uende kwenye kwilti ipi

Anayejifunza kujaza kwilti (shuka au pambo la tabaka tatu: kitambaa cha juu, pamba na bitana) kwa mishono ya mkono huru, meno ya cherehani yanayovuta kitambaa yakiwa chini na kitambaa kikiongozwa kwa viganja, huambiwa karibu kila mahali aanze na mzururo: ule mstari unaotangatanga kote bila kujikata, yaani bila kupita juu yake wenyewe. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Mzururo hauna umbo, kwa hiyo hakuna kinachouambia mkono uelekee wapi. Baada ya muda mfupi mstari umejifungia kwenye kona, mshonaji anasimama kufikiri, sindano inaendelea kupiga palepale, na uzi unarundikana. Vitanzi ni vyepesi kuliko mzururo, korosho inafundisha mengi zaidi, na ukishazijua hizo mbili mzururo wenyewe hauna tena tabu.

Michoro tunayolinganisha hapa ni ya kujazia, ya cherehani ya kawaida yenye nafasi ya sentimita 15 hadi 22 hivi kulia kwa sindano. Mashine kubwa za fremu, ambazo mshonaji husukuma mashine na kitambaa kimetulia, zina sheria zake.

Unachopima kabla ya kutazama uzuri

Picha ya mchoro uliokamilika haikuambii kitu. Uliza kwanza: mchoro una njia ya kutoka? Ukifika ukingoni au ukizibiwa na mishono yako mwenyewe, unaendaje kwenye sehemu tupu bila kukata uzi? Kila unapokata unalazimika kufunga ncha mbili, juu na chini, na kila mfungo ni mahali pa kufumukia.

Pili, mchoro unadai upite juu ya mshono uliokwisha kushonwa? Kurudia mstari ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika mkono huru. Ukikosea milimita moja, unapata mistari miwili iliyokaribiana inayoonekana toka mlangoni, hasa uzi ukiwa wa rangi tofauti na kitambaa.

Tatu ni uzito, na huu wengi huusahau mpaka kwilti imekauka kama turubai. Mshono mwingi hubana pamba ya katikati. Shuka la mtoto linatakiwa kukunjika na kulalia mwili. Pambo la ukutani linaweza kuwa gumu na likapendeza zaidi kwa ugumu huo.

Uzito unaweza kuukadiria kwa hesabu tu, bila kushona. Chukua mraba wa sm 30 kwa 30. Gawanya eneo lake (sm 900 za mraba) kwa pengo kati ya mistari, utapata takriban urefu wa mshono.

| Mchoro | Pengo | Urefu wa mshono | Kurudia mstari |
|---|---|---|---|
| Vitanzi | sm 4 | m 2.5 hadi 3 | hakuna |
| Mzururo mpana | sm 2.5 | m 3.6 | hakuna |
| Konokono | sm 1.2 | m 7.5 | kidogo, ukitaka |
| Korosho | sm 1.2 | m 7.5 hadi 8 | kwenye ncha tu |
| Manyoya | sm 1.2 hivi | m 7 hadi 9 | inategemea njia |
| Mzururo wa kubana | mm 6 | m 15 | hakuna |
| Kokoto za sm 1 | zinagusana | karibu m 49 | nusu ya kila duara |

Hesabu ya kokoto imechukua kwamba kila duara linazungukwa mara moja na nusu, kwa sababu ndivyo unavyosafiri kutoka moja kwenda jingine. Sasa weka kasi. Ukishona stichi 4 kwa kila sentimita na mashine inapiga stichi 600 kwa dakika, unakwenda sm 150 kwa dakika: mraba mmoja wa mzururo mpana unaisha ndani ya dakika mbili na nusu, na wa kokoto unakula zaidi ya nusu saa bila kupumzika. Kwenye kwilti ya sm 150 kwa 200, mzururo mpana unataka mita 120 za mshono, kokoto zaidi ya mita 1,600. Huo ni uzi wa juu peke yake, na bobini inadai kiasi kama hicho.

Cherehani kwanza, maana makosa mengi si ya mchoro

Shusha meno. Singer za 15-91 na 201 zina skurubu ya kuzungusha kwa vidole chini ya kitanda cha mashine. Ilaze mashine kwa nyuma utaiona. Singer 66 na 99 hazishushi meno, hizo hufunikwa kwa kibati. Ukikosa kibati, weka urefu wa stichi sifuri: meno yatapanda na kushuka mahali pamoja bila kuvuta kitambaa, na washonaji wengi wazuri hawafanyi zaidi ya hapo. Cherehani ya kuzungusha kwa mkono haifai kwa kazi hii, kwa sababu viganja vyote viwili lazima viwe juu ya kitambaa. Ya kukanyaga inafaa sana, na anayeizoea hupata mwendo ulio sawasawa kuliko wa pedali ya umeme ya bei rahisi.

Weka mguu wa kudarizia, ule mfupi wenye duara wazi unaorukaruka na sindano. Sindano namba 90/14 yenye tundu refu, uzi wa pamba namba 50 au polista namba 40. Kitenge chenye nta nzito kifuliwe kwanza. Kikiachwa na nta yake sindano inapenya kwa shida na stichi zinarukwa. Tabaka tatu, yaani juu, pamba na bitana, zipigwe bandi au zifungwe pini kila baada ya sm 10 hivi, kiganja kimoja. Glavu zenye vitone vya mpira zinasaidia kuliko kifaa kingine chochote cha bei ghali.

Kabla ya kuanza, piga stichi moja, vuta uzi wa bobini utoke juu, shika nyuzi zote mbili, kisha piga stichi tatu au nne ndogo sana papo hapo. Ukiacha uzi wa bobini chini utapata kiota cha ndege upande wa bitana.

Kosa utakaloliona zaidi ya yote ni kope: upande wa bitana, kwenye mizingo, uzi wa juu unaonekana umevutwa chini na kutengeneza vinyweleo kama kope za jicho, huku uzi wa bobini umelala umenyooka. Sababu kubwa ni mikono kuongeza kasi kwenye mzingo wakati mashine haijaongeza. Punguza mwendo wa mikono unapoingia mzingo, na kama bado, kaza tensheni ya juu nusu nambari. Geuza kazi uangalie nyuma baada ya kila sm 20 za mwanzo, maana juu panaweza kuonekana safi kabisa wakati chini kumeharibika.

Vitanzi

Andika herufi ya e iliyoungwa, moja baada ya nyingine, halafu uzitawanye. Hiyo ndiyo kazi yote. Nenda kwa wimbi la sm 5, piga kitanzi cha sm 1.5, endelea. Mstari unaruhusiwa kujikata, kwa hiyo hakuna kona inayokufunga: ukikwama, unageukia ndani ya kitanzi na kutoka upande mwingine. Faida hii peke yake inatosha kukipa kitanzi nafasi ya kwanza.

Kinachokwenda vibaya ni vitu viwili. Vitanzi vyote vikipinda upande mmoja, mstari mzima unaanza kujikunja na unajikuta unazunguka eneo lilelile. Pishanisha, kimoja kushoto, kimoja kulia. Na vitanzi vikiwa vidogo mno vinakuwa na pembe. Duara la mm 6 lina mzunguko wa sm 1.9, kwa stichi 4 kwa sentimita ni stichi saba au nane tu, na stichi nane haziwezi kutengeneza duara. Ama ukipanue kitanzi kifike sm 1.2, ama ufupishe stichi zifike 6 kwa sentimita mahali hapo.

Kwenye kitenge au kanga yenye maua makubwa, vitanzi vinapotea ndani ya chapa. Hilo ni jema kwa anayejifunza.

Mzururo

Ukubwa wake unabadilisha kila kitu. Ukiwa na pengo la sm 2.5 hadi 5 ni mshono wa haraka, mlaini, unaofaa shuka la kitandani. Ukibanwa chini ya mm 6 unageuka kuwa mchoro wa kulaza kitambaa: unabonyeza mandharinyuma ili ua au herufi iliyoachwa bila kushonwa iinuke. Hii miwili ihesabu kama michoro tofauti, maana ule wa kubana unachosha mabega kwa nusu saa na hauvumilii mkono unaotetemeka.

Siri ya mzururo ni kutazama mbele ya sindano, sm 3 hivi, na kushona kuelekea pale patupu. Anayeikodolea sindano hujifungia kwenye kona. Umbo la kila mzingo liwe na kiuno chembamba na kichwa kipana, lipinde mara kushoto mara kulia, na lisifuate safu: ukishuka kwa mistari sambamba, jicho litaiona mistari hata ukiisahau wewe. Vincha vikali kwenye mizingo vinatokana na mikono kusita wakati mashine inaenda. Ukitaka kusimama, simama mahali mstari umenyooka, sindano ikiwa chini.

Mzururo una kosa moja ambalo halirekebishiki kwa ujanja: ukijikata hata mara moja kwenye kitambaa cha rangi moja, jicho linakwenda hapohapo. Kwenye vitanzi kosa hilo halipo, kwa sababu kujikata ndiyo sheria.

Korosho

Umbo hili kila aliyevaa kanga analijua, na hiyo ni nusu ya mafunzo. Anza kwenye ncha, panda kwa mzingo, zunguka kichwa cha sm 2.5 hadi 3, rudi kwenye ncha. Sasa zunguka tena kwa nje, ukiacha pengo la sm 1 tumboni na kulipunguza taratibu mpaka likaribie sifuri kwenye ncha. Ukitaka, zungusha mara ya tatu. Kisha toka kwa kufuata ukingo wa nje mpaka mahali korosho ijayo itakapoota, ielekee upande mwingine.

Hapa ndipo mkono unapojifunza mwangwi, yaani mshono unaofuata mshono mwingine kwa pengo lilelile. Mwangwi ndio unaokutoa kwenye kona katika karibu kila mchoro mwingine. Korosho ikibanwa kati ya nyingine mbili, unaizungushia nusu mwangwi na uko nje. Hakuna haja ya kupanga njia.

Tatizo liko kwenye ncha. Mizunguko mitatu ikiishia kwenye tundu moja, uzi unajijenga kuwa kifundo kigumu, na wakati mwingine sindano inakatika hapo. Ishia mm 2 au 3 kabla ya ncha katika kila mzunguko wa nje. Haitaonekana kuwa imepungukiwa. Kosa jingine ni korosho zote kulala upande mmoja kama samaki kwenye karai. Zigeuze, moja itazame juu, nyingine pembeni.

Kama una nafasi ya kujifunza mchoro mmoja tu mwaka huu, chukua korosho.

Konokono

Konokono ndiye anayevutia zaidi machoni mwa wengi, na ndiye anayewakwamisha kwa sababu moja tu inayoweza kupimwa. Unaingia ndani kwa mzunguko, halafu lazima utoke kwa kupita katikati ya njia uliyoingilia. Kwa hiyo pengo la kuingilia liwe maradufu ya pengo unalolitaka mwishoni. Ukitaka mistari iliyotengana mm 6, ingia kwa pengo la mm 12. Mwanafunzi huingia kwa mm 6, akifika jichoni, yaani katikati, hana pa kupita, na anatoka kwa kugusagusa mistari yote miwili.

Mzunguko mmoja na robo unatosha. Ukifika jichoni pinda kwa mviringo kabla ya kugeuka; usigeuke kwa ghafla, utatengeneza donge. Ukishatoka nje, fuata mgongo wa konokono kwa mwangwi mpaka sehemu tupu, kisha anzisha mwingine. Sehemu za pembetatu zinazobaki kati ya konokono watatu jaza kwa mwangwi mmoja au miwili inayopungua.

Kwenye kitambaa cha rangi moja konokono anang'ara, kwa sababu mwanga unashika kila mzingo. Kwenye chapa nzito haonekani, na unakuwa umefanya kazi ya maradufu ya mzururo bila faida yoyote.

Manyoya

Hapa tunatoka kwenye kujaza na kuingia kwenye pambo. Manyoya yalitoka kwenye kwilti za kushona kwa mkono, na umbo lake la asili lilipangwa kwa sindano ya mkono, si ya cherehani. Kwa muda mrefu huko Marekani kwilti iliyojazwa kwa mashine ilihesabiwa duni. Mwaka 1989 kwilti ya Caryl Bryer Fallert, iliyoshonwa kwa mashine, ilishinda tuzo kuu ya onyesho la American Quilter's Society kule Paducah, Kentucky, na ikawa ya kwanza ya aina yake kufika hapo. Tangu hapo michoro ya zamani imebuniwa upya ifae cherehani, na kwenye manyoya tofauti hiyo unaiona waziwazi: kuna njia mbili za kuyashona.

Ya kwanza, ya asili. Unachora uti kwa chaki, uliopinda taratibu. Unaanza chini, unatoka utini kwa mshazari, unazungusha kichwa cha unyoya, unarudi kwenye uti. Unyoya unaofuata unapanda, unazungusha kichwa chake na kushuka kugusa uliotangulia, kisha unarudi juu ya mshono uleule wa kichwa mpaka mahali unyoya wa tatu utakapoanzia. Kurudi huko ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Uzi wenye rangi ya kitambaa huficha. Uzi mweupe kwenye kaniki hausamehe.

Ya pili, unaacha upenyo wa mm 3 kati ya unyoya na unyoya, na kila mmoja unarudi hadi kwenye uti bila kukanyaga jirani yake. Hakuna mstari unaorudiwa isipokuwa vipande vifupi vya uti wenyewe. Matokeo yana hewa zaidi, si ya kifalme kama ya asili, lakini mtu aliyeshika korosho sawasawa anayapata siku ya kwanza. Yafaa uanze na hii.

Kwa njia zote mbili kosa kubwa ni pembe. Unyoya ukitoka utini kwa nyuzi 90, unapata kiwavi. Utoke kwa karibu nyuzi 45, ukielekea kule uti unakokwenda, na kila unyoya uwe nusu ya moyo: mpana juu, mwembamba chini. Shona upande mmoja wote, rudi chini kwa kufuata uti, kisha upande wa pili. Usihangaike pande mbili zilingane. Zikilingana kasoro moja, hiyo moja ndiyo itakayoonekana.

Kokoto

Duara linagusa duara, kila moja limezungukwa mara moja na nusu. Hesabu umeiona. Kokoto ni mandharinyuma ya mapambo: zungushia ua au manyoya kwa upana wa sm 3 hadi 5 na basi. Pamba inabanwa mpaka inakuwa bapa, na kilichoachwa katikati kinavimba kama mto mdogo.

Tumia uzi mwembamba, namba 60 au zaidi, maana kila mguso wa kokoto mbili una tabaka mbili au tatu za uzi. Changanya ukubwa, mm 5, mm 8, sm 1.2, na usijaribu kujaza vipembe vitatu vinavyobaki, vinatakiwa viwepo. Kasi ya mashine ndogo kidogo, stichi 5 au 6 kwa sentimita. Ukikosea, kufumua ni adhabu: kwenye michoro mingine unakata kila stichi ya nne upande wa bitana na kuvuta uzi wa juu unatoka mzima, lakini kwenye kokoto nyuzi zimepitana juu kwa juu na unatoa kipande kwa kipande.

Kokoto kwenye shuka la kulalia hatuzipendekezi kabisa.

Mingine, kwa ufupi

Maganda ya chungwa yanashonwa juu ya viraka vya mraba: upinde kutoka kona hadi kona, ukiingia ndani ya kiraka kwa mm 6 hadi sm 1, bila kuchora chochote. Ni mazuri mno kwenye viraka vya sm 5 hadi 8, na mabaya kwenye viraka ambavyo kona zake hazikutani, kwa sababu yanaonyesha kila kosa la uunganishaji. Mistari ya mbao, ile inayokwenda na kurudi na kuzunguka kifundo hapa na pale, ni ya haraka kwenye pambo la ukanda. Kwenye kwilti pana inakuchosha kwa kuvuta mzigo kushoto na kulia kila dakika. Ule wa mizingo mirefu ya kunyumbulika uliopewa jina la Karen McTavish, wa Minnesota, uweke mpaka konokono na mwangwi viwe vimekaa mkononi.

Kuubadilisha mchoro ulionao

Wengi hutafuta mchoro wa kumi kabla ya kuutumia wa pili. Michoro miwili unayoiweza inakupa zaidi ya kumi kama ukibadilisha kitu kimoja kwa wakati.

Ukubwa kwanza: korosho ya sm 6 na ile ya sm 2 hazifanani hata zikikaa jirani. Kisha kilichomo: weka kokoto tatu ndani ya korosho, au jani mahali pa kitanzi, au nyota. Jani ni vitanzi viwili vyembamba vyenye ncha na mshipa katikati. Nyota ni mistari mitano iliyonyooka ambayo haidai usahihi. Kisha ncha: konokono mwenye kichwa cha mviringo akipewa ncha kali anakuwa mwali wa moto. Kisha pembe: mzururo uliopigwa kwa kona za mraba badala ya mizingo unakuwa njia za mji wenye vichochoro, na unafaa sana kwenye viraka vya kisasa vya mistari. Mwisho ni mwangwi: idadi ya mizunguko, sawasawa yote au inayopanuka.

Chora kwanza kwa kalamu bila kuinua mkono, kurasa mbili au tatu, mpaka uweze kujaza ukurasa bila kusimama kufikiri. Kalamu ikisimama, cherehani itasimama palepale. Kisha shona kipande cha majaribio cha sm 35 kwa 45 chenye pamba ileile na uzi uleule wa kazi yenyewe. Shuka kuukuu na faiba nyembamba havikuonyeshi jinsi kitenge kitakavyofanya.

Tahadhari kubwa unapochanganya ni mbano. Mshono unapunguza kitambaa. Katikati pakishonwa kwa pengo la mm 6 na kingo kwa sm 5, katikati patasinyaa, kingo zitabaki na upana wake, na kwilti haitalala: itapata mawimbi pembeni ambayo pasi haiondoi. Panga mbano usambae. Kama katikati kuna kokoto, weka pia mistari ya karibu karibu kwenye ukanda wa nje, na sehemu pana ziwe kati. Upande mwingine wa kosa hilo ni kuacha sehemu kubwa tupu: faiba iliyolegea ikiachwa bila mshono kwa zaidi ya sm 10, inakusanyika madonge baada ya kufuliwa mara chache. Pamba zilizofumwa pamoja na wavu mwembamba huvumilia zaidi, na kipimo kimeandikwa kwenye mfuko wake.

Upi kwa kazi ipi

Shuka la mtoto la vitenge vyenye chapa, litakalofuliwa kila wiki: vitanzi vya pengo la sm 4, uzi wa polista namba 40 wa rangi inayokaribia kitenge. Usishone kingine, hakitaonekana na kitaongeza ugumu.

Kwilti ya kitanda cha watu wawili kwa cherehani ya nyumbani: mzururo mpana au korosho kubwa. Ukubwa wa kwilti yenyewe ndio unaoamua hapa. Nusu yake inabidi ikunjwe ndani ya ile nafasi ya kulia kwa sindano, na mchoro wowote unaokulazimisha kugeuza kazi nzima, kama manyoya ya pande mbili, utakutoa jasho. Anza katikati, nenda kwenye robo moja, kisha nyingine, na bega la kwilti lilale juu ya meza ya pili kushoto kwako. Likining'inia linavuta sindano na stichi za upande mmoja zinarefuka.

Viraka vya mraba vilivyoungwa vizuri: maganda ya chungwa. Vilivyoungwa ovyo: korosho, juu ya kila kitu, bila kujali mipaka ya viraka.

Kitambaa cha rangi moja, pambo la ukutani au mto wa kochi: manyoya katikati kwa njia ya upenyo, mwangwi mmoja kuyazunguka kwa mm 6, kokoto kwa upana wa sm 3, na kilichobaki konokono. Shona manyoya kwanza na kokoto mwisho. Ukianza na kokoto, kitambaa kitakuwa kimekwisha kuvutwa na uti wa manyoya hautalala ulivyouchora.

Zawadi inayotakiwa Ijumaa, na leo ni Jumatano: vitanzi.